Kidude cha Kijivu na Mabati ya Mjomba

Walisema sitaweza kumfanya mtu mzima wa Tukuyu atoe hela mfukoni ili arushe kimtu juu ya shimo. Kauli hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, na alipenda kuitoa pale stendi, mbele za watu, akiwa ameegemea mwavuli wake mweusi kama mwenyekiti anayefunga kikao. Shemasi wa kanisa letu alisema nitarudi kuomba shamba la kulima kabla viazi havijatoa maua. Fundi seremala wa Bulyaga, mtu ambaye hajawahi kutengeneza kiti kisichoyumba, alisema biashara isiyosikika barabarani si biashara. Wote watatu waliafikiana kwamba mtu aliyekwenda Dar es Salaam na kurudi na stashahada ya ufundi wa elektroniki alipaswa ama kuajiriwa ofisini ama kunyamaza.

Niseme mapema kwamba stashahada ile sikupewa na mtu. Niliondoka Tukuyu nimekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye lori, nikaosha magari mchana na kusoma jioni, nikafaulu pale ambapo watoto wa wakubwa walishindwa. Hakuna mjomba aliyelipa ada. Hakuna shemasi aliyetaja jina langu kwenye maombi. Niliporudi, nchi ilikuwa imeshafungua milango. Maduka ambayo nilipoondoka yalikuwa yanagawa sabuni kwa foleni, sasa yalikuwa yamejaa redio, saa za plastiki na mashati yaliyovaliwa Ulaya. Wenzangu waliotoka Dar walirudi na suti. Mimi nilirudi na bisibisi zangu, chuma cha kulehemu, na kidude cha kijivu nilichokifunga ndani ya soksi kisipate mikwaruzo.

Kwa wasiokijua, kilikuwa mashine ya gemu ya kushika mkononi, nene kama kitabu cha nyimbo, yenye kioo kidogo cha rangi ya maji ya mboga. Unachomeka kaseti nyuma, unawasha, na kimtu kinatokea upande wa kushoto wa kioo. Kazi yake ni kwenda kulia. Kinaruka mashimo, kinakanyaga wadudu, kinapanda matofali yanayoelea hewani, na njia iliyopita nyuma yake haifunguki tena. Ukikosea kuruka, roho moja imeondoka. Unazo roho tatu. Mchezo ni huo tu, na watu wazima wenye digrii wameupotezea usingizi duniani kote.

Nilikinunua Kariakoo kwenye rundo la vyombo vilivyotumika, kimekufa. Kioo kilikuwa kimepotewa na mistari ya wima, yaani picha ilionekana kama imekatwa kwa wembe. Muuzaji, mjinga mmoja mwenye miwani ya jua, aliniambia kimeoza. Nilikifungua, nikapitisha chuma cha moto taratibu pale utepe wa nyaya unapoungana na kioo, na mistari ikarudi mmoja mmoja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwenye stashahada na mwenye miwani ya jua.

Nilijua pia historia yake, jambo ambalo nilijaribu kumweleza mjomba bila mafanikio. Waliokitengeneza walichagua vipuri vya bei rahisi vilivyokwisha kuzoeleka. Hakikuwa na rangi. Hakikuwa hata na taa, mpaka ukielekeze kwenye mwanga ndipo uone. Washindani wao wakatoa mashine zenye rangi na taa ndani, watu wakashangilia, kisha wakagundua kwamba zile mashine zinakula betri kama ng'ombe anavyokula majani ya ndizi. Zikafa. Chetu kilikwenda siku nyingi kwa betri nne. Na Tukuyu, ambako mvua inanyesha hadi unasahau jua, huwezi kuanika betri zilizochoka zikarudi nguvu. Watu walikuwa wanazipanga pembeni ya jiko la kuni. Mashine isiyokula betri ilikuwa mashine iliyoumbwa kwa ajili yetu.

"Haina rangi," mjomba alisema nilipomwonyesha.

"Ndiyo nguvu yake, mjomba."

"Haina taa."

"Ndiyo sababu inadumu."

"Mwipwa wangu," akasema, akanirudishia kidude kwa vidole viwili, "umekwenda mbali kusomea upungufu."

Stendi nzima ilicheka.

Mtaji wangu uliishia kwenye kiwanja na mbao za ukutani. Vingine niliazima. Mjomba alinipa mabati ya paa, si kwa upendo, bali ili awe na sababu ya kuja kunicheka kila wiki. Fundi seremala alinipa mlango alioshindwa kuuza. Shemasi alinipa benchi lililotolewa kanisani kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi. Masharti yalikuwa mamoja kwa wote: mvua kubwa zikikatika, kila mtu arudishiwe kitu chake au kipya cha kufanana nacho, la sivyo anakuja kung'oa. Kwa hiyo mjue nilivyokuwa nimekaa. Kibanda changu chote kilikuwa cha watu. Kama biashara isingesimama kabla ya kiangazi, mmoja angebeba paa, mwingine mlango, wa tatu benchi, na mimi ningebaki nimesimama katikati ya mbao nne na stashahada yangu.

Nao walikagua. Fundi alikuja kufungua na kufunga mlango wake, anasikiliza bawaba. Shemasi alikaa kwenye benchi lake asubuhi nzima bila kununua hata roho moja, akiwazuia wateja kukaa. Mjomba alisimama nje, ananyoosha mwavuli na kugonga mabati yake kwa ncha.

Wateja wa kwanza walikuja kuchungulia tu. Kioo ni kidogo, anayeona ni mmoja, wengine wanaona mgongo wake. Halafu wakaja kina mama wa sokoni. Walikuwa wanatua ndizi na maparachichi kutoka Kisondela, na wakishauza walikuwa na muda wa kusubiri wenzao. Walikaa kwenye benchi nje, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na kidude hakina taa. Hawakuona haya. Simu za kuangalia hazikuwepo, televisheni ilikuwa kwa watu wawili watatu, na hapa mtu anashika mashine mwenyewe.

"Ruka! Ruka, mama, utakufa!"

"Niache, najua ninachofanya."

"Unajua nini, umekwisha zika wawili!"

Aliyewazidi wote alikuwa mke wa mtoto wa mjomba wangu, binti aliyeolewa mwaka ule akitokea Kisondela. Sijaona mkono kama ule, nami nimewaona wachezaji wa Dar. Alikuwa anaruka kabla shimo halijaonekana, kama vile ameshaishi humo. Lakini alikuwa mkwe, na hapo lazima nieleze.

Kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Hakai alipokaa, hapiti anapopita, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke anajifunika na kuingia migombani mpaka mzee apite. Mjini wengi walikuwa wameshalegea, lakini ukoo wa mama yangu haukulegea, na mjomba ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Basi yule binti alicheza huku jicho moja likiwa barabarani. Mwavuli mweusi ukitokea kwenye kona ya mashine ya kusaga, anampa jirani kidude, anavuta khanga usoni, anazunguka nyuma ya kibanda na kutoweka. Mjomba anafika, anakaa anapotaka, anagonga mabati, anatukana kidogo, anaondoka. Binti anarudi na kudai roho zake zilizobaki. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Mchezo uliwezekana kwa sababu ulichezwa kwenye mwanga, na kwenye mwanga unamwona mtu anakuja.

Sidai kwamba nilipanga hivyo. Lakini nililielewa haraka, na kuelewa haraka ndiyo elimu yenyewe.

Mjomba alipoona benchi limejaa, wivu ulimshika. Aliuza ndama, akashuka Mbeya, akarudi na televisheni ya rangi na gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, yenye vishikio viwili vya watu kushindana. Alifungua banda la video karibu na barabara kuu. Ili picha ionekane vizuri alifunga madirisha kwa magunia. Alibakiza mlango mmoja, naye mwenyewe alikaa pale kupokea hela. Ndani kulikuwa giza kama ndani ya pipa.

Wateja wangu walihama. Nasema ukweli, walihama bila hata kuaga. Rangi iliwavuta kama nzi. Wale wale waliokuwa wananiita fundi sasa walikuwa wanapita mbele ya kibanda wakiangalia upande wa pili. Shemasi aliendelea kuja, ila kwa ajili ya benchi lake tu.

Nilikwenda kumwona mjomba. Mimi si mtu wa kisirani.

"Mjomba, toboa dirisha."

"Kwa nini?"

"Wanawake wanaingia humo. Watu wazima wanaingia humo. Hakuna anayemwona mwenzake."

Akacheka hadi akakohoa. "Wewe mwenye kidude kisicho na taa ndiye unanifundisha habari za mwanga? Andaa ngazi, mwipwa. Mvua zikikatika nachukua mabati yangu, nataka kuongeza chumba."

Nilirudi nikakaa chini ya hayo mabati yake. Mvua ilikuwa bado inanyesha, lakini ilikuwa imeanza kupumzika mchana, na kila ilipopumzika mimi nilihisi mtu anapanda juu ya paa langu.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya kupima chai. Siku hiyo wakulima hubeba majani yao mpaka kituoni na kusubiri lori, na mjomba alikuwa na chai nyingi, kwa hiyo kila mtu alijua atashinda huko. Alimwachia mlango kijana wa jirani. Mkwe wake naye alijua. Akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kuonja rangi. Aliingia amejifunika khanga, akakaa benchi la mbele, akashika kishikio kimoja.

Lori la chai halikuja. Mjomba alirudi mapema, amelowa, amekasirika, akamtoa yule kijana mlangoni na kuingia ndani kujikausha. Na kwa sababu alikuwa anawacheka wengine kwa muda mrefu, hakuwa amewahi kujaribu mwenyewe. Giza lilimpa ujasiri. Alikaa benchi la mbele, akashika kishikio cha pili.

Nilisimuliwa na waliokuwemo, na wanasimulia mpaka leo. Mzee alikuwa anachapwa. Kimtu chake kilianguka mashimoni kimoja baada ya kingine, na cha jirani yake kilikuwa kinakwenda tu. Hakuzoea kushindwa ndani ya nyumba yake.

"Nani huyu ananichapa?" alinguruma. "Sema! Mtoto wa nani wewe?"

Binti aliitambua sauti. Walisema kimtu chake kilisimama katikati ya kioo kama kimegongwa msumari, mdudu akaja, akakikanyaga, na yeye hakubonyeza chochote. Na hapo hapo umeme ukakatika. Mtu aliyekuwa karibu na mlango akausukuma wazi ili apate mwanga.

Watu wote wakaona. Mzee na mke wa mtoto wake, benchi moja, bega kwa bega, wameshikilia vishikio vya mashine moja.

Binti alipiga yowe. Mlango ulikuwa mmoja, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya magoti ya baba mkwe wake, jambo baya kuliko kukaa. Mzee naye alijifunika uso kwa mwavuli, ndani ya nyumba, mbele ya wateja wake. Binti hakusimama mpaka alipofika kwa wazazi wake Kisondela, na akaapa kwamba harudi mpaka jambo lirekebishwe kwa desturi. Kurekebisha kwa desturi maana yake ni ng'ombe, na karamu, na wazee wa pande zote mbili kukaa na kulizungumza kwa urefu.

Sikucheka mbele yake. Nilifunga mlango wa fundi seremala kwanza, ndipo nikacheka.

Banda lilikauka mara moja. Waume waliwakataza wake zao. Wazee walipita mbali. Mjomba alitoboa madirisha, hatimaye, na mwanga ukaingia na kuifuta picha yote kwenye televisheni yake ya rangi. Kina mama walirudi kwenye benchi langu kama watu waliokuwa safarini. Wanaume nao wakaja, kwani hapa mtu anaona nani anakuja na ana muda wa kusimama. Nilikuwa nafungua mapema na kufunga giza likiingia, maana giza likiingia kidude changu hakionekani, na kwa mara ya kwanza kila mtu Tukuyu aliona hilo kuwa jambo la heshima.

Wiki hiyo hiyo mjomba alikuja kudai mabati. Si kwa ajili ya chumba tena. Alitaka kuyauza apate ng'ombe.

"Mvua bado zinanyesha, mjomba," nilimwambia.

"Mtoto wangu analala peke yake!"

"Tulisema zikikatika."

"Unanifanyia hivi mimi, kaka wa mama yako?"

"Mimi nimesomea upungufu, mjomba. Nasubiri mpaka mvua ipungue."

Aligonga paa kwa mwavuli mara moja, kwa nguvu, akaondoka. Alikopa ng'ombe kwa shemeji yake wa Igogwe, jambo lililomuuma kuliko benchi.

Hapa niwaseme kidogo watu wa siku hizi, maana wananikera. Vijana wanakuja na simu zao kuniuliza kama bado ninacho kile kidude. Wanasema kuna watu nje wanavikusanya, wanalipa vizuri. Nikiwauliza wanataka nini, wanauliza kama nina boksi. Boksi! Wanauliza kama kijitabu cha maelezo hakijakunjwa, kama kifuniko cha betri ni kile kile, kama plastiki haijageuka njano. Mkusanyaji mmoja aliniandikia kwamba kilicho bora kabisa ni kile ambacho hakijawahi kufunguliwa. Mtu ananunua gemu, anaifungia kwenye kioo, anakufa bila kujua kimtu kinaruka vipi. Huyo ndiye anajiita mpenzi wa gemu.

Na hata kukusanya kwenyewe hawakujui. Wanaletewa kaseti bandia zilizovuka Tunduma na wanazilipia kama za kweli. Mimi naijua ya kweli nikiwa nimesimama. Skrubu yake haifunguki kwa bisibisi ya kawaida. Lebo ina tarakimu zilizogandamizwa bila wino, unaziona ukiinamisha kaseti kwenye mwanga. Plastiki yake ni nzito na maandishi yamesimama wima bila kuyumba. Changu kina mikwaruzo, kitufe cha kurukia kimelika mpaka kimekuwa laini kama jiwe la mtoni, na pembeni kuna alama ya moto ya jiko la mama mmoja. Mkusanyaji aliniambia alama hizo zinaharibu thamani. Nilimjibu kwamba yeye ndiye hana thamani, kisha nikaacha kumjibu.

Mvua zilikatika ghafla, kama kawaida. Asubuhi moja Mlima Rungwe ulikuwa wazi mpaka juu, nikajua siku imefika. Vitu nilikuwa nimeshavinunua na kuvificha kwa mama. Nilikodi mkokoteni, nikavipakia juu vyote vionekane, nikapita barabara ya katikati badala ya ile ya mkato.

Fundi seremala nilimpelekea mlango uliotengenezwa na fundi mwingine. Aliufungua na kuufunga, akausikiliza. Akasema mbao ni mbichi.

Shemasi nilimpa benchi lenye miguu minne ya urefu mmoja. Alikaa, akajisogeza huku na huku kutafuta pa kuyumbia, hakupapata.

"Mungu amekusaidia," akasema.

"Alipokuwa ananisaidia ulikuwa umekaa kwenye benchi, unazuia wateja."

Mjomba nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda. Mkwe wake alikuwa amesharudi, nilisikia kinu kikitwanga nyuma ya nyumba. Nilishusha mabati mapya yanayong'aa, nikayapanga mbele ya miguu yake. Aliinama, akalipiga moja kwa kucha.

"Haya ni membamba. Yangu yalikuwa mazito, ya enzi za ushirika."

"Yako yalikuwa na matundu, mjomba."

"Matundu ni yangu. Nataka mabati yangu."

Sikubishana. Nilirudi na mkokoteni, nikapanda juu ya kibanda mchana kweupe, nikang'oa bati moja moja mbele ya stendi nzima, nikampelekea mabati yake mazito pamoja na kutu yake na matundu yake. Mapya nikayachukua niyapige juu ya kibanda changu. Kibanda chote sasa kilikuwa changu, kuanzia msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Mjomba aliyahesabu mabati yake yote na kutikisa kichwa kwamba yametimia. Hakusema ndaga, asante ya kwetu. Sikuitarajia.

Nilikuwa nimeshageuza mkokoteni nilipoitwa na mke wa mjomba, aliyetokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono.

"Baba," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa mumewe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, "kule nyuma wananiuliza, kile kidude kesho kina nafasi?"

Mjomba alikuwa anaangalia mlima. Alikuwa anauangalia kwa bidii kweli, kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

"Mwambie aje asubuhi, kukiwa na mwanga," nilisema. "Na aje na betri zake."